Tetebatu, Lombok: Mwongozo kwa Mgeni na kwa Mwenye Nia ya Kuwekeza katika Ardhi

Tetebatu ni kijiji cha wakulima kilichoko kwenye miteremko ya kusini ya mlima Rinjani, katika tarafa ya Sikur, wilaya ya Lombok Mashariki, mkoa wa Nusa Tenggara Barat nchini Indonesia. Wageni wengi wanaofika Lombok huishia pwani: Senggigi, visiwa vitatu vya Gili, au Kuta na Mandalika, ambako mashindano ya pikipiki ya MotoGP yalianza kufanyika mwaka 2022. Ni wachache wanaopanda kuelekea bara, ingawa mwaka 2021 serikali ya Indonesia ilikipendekeza Tetebatu, pamoja na Nglanggeran na Wae Rebo, katika shindano la vijiji bora vya utalii duniani la Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa. Tuzo ilikwenda Nglanggeran, na Tetebatu ikabaki na utulivu wake.

Anayekuja kutembea na anayekuja kutafuta kiwanja huvutwa na kitu kilekile, yaani majaruba ya mpunga yanayoshuka ngazi kwa ngazi kutoka ukingoni mwa msitu. Majaruba hayo ndiyo chakula cha wenyeji, ndiyo urithi wa familia zao, na aghalabu ndiyo ardhi ambayo sheria inakataza kujengwa. Kwa hiyo ushauri wangu tangu mwanzo ni huu: njoo kama mgeni, kaa muda wa kutosha uone misimu yake, na ikiwa baada ya hapo bado unataka kuweka fedha, kodi eneo dogo la ardhi kavu lenye hati safi kuliko kukimbilia kununua.

Kufika

Uwanja wa ndege wa Lombok uko Praya, katikati ya kisiwa, na ulifunguliwa mwaka 2011. Unaitwa Zainuddin Abdul Madjid, kwa heshima ya mwanazuoni aliyeasisi jumuiya ya Nahdlatul Wathan mwaka 1953 huko Pancor, mji ulioko Lombok Mashariki kwenyewe. Jina hilo linamwambia mgeni mengi kuhusu anakokwenda, kwa kuwa hii ni nchi ya Wasasak, Waislamu wanaoishi maisha yao kati ya shamba, msikiti na madrasa, na mwalimu wa dini anayeitwa Tuan Guru ana sauti inayosikilizwa kuliko ya viongozi wengi wa serikali.

Kutoka uwanjani hadi Tetebatu ni mwendo wa takriban saa moja na nusu kwa gari. Anayetoka Mataram hufuata barabara kuu ya mashariki kupitia Narmada, Kopang na Terara hadi Paok Motong, kisha hukata kushoto kuelekea Kotaraja na kuendelea kupanda. Usitegemee usafiri wa umma katika kipande hicho cha mwisho. Mwombe mwenye nyumba ya wageni akupangie gari mapema, na mkubaliane nauli kabla hujaondoka. Anayetoka Bali kwa bahari hupanda kivuko Padangbai na kushuka Lembar, safari inayochukua saa nne hadi tano. Chukua rupia taslimu uwanjani au katika mji wa Masbagik, kwa sababu kijijini malipo mengi hufanywa mkononi.

Viza ya kuwasili, kwa wenye pasipoti za nchi zilizomo kwenye orodha ya serikali, hugharimu rupia 500,000, hudumu siku 30 na huweza kuongezwa mara moja kwa siku 30 nyingine. Hakikisha kwanza kama nchi yako imo. Viza hiyo inaruhusu kutembea na kuangalia viwanja, lakini haimruhusu mtu kufanya kazi wala kusimamia nyumba ya wageni, na maofisa wa uhamiaji huifuatilia tofauti hiyo kwa makini.

Kukaa na kutembea

Nyumba za wageni za Tetebatu ni ndogo, zenye vyumba vichache, na nyingi huendeshwa na familia. Ya zamani zaidi kwa sifa ni Wisma Soedjono, iliyoanza kama makazi ya daktari wa Kijawa enzi za ukoloni wa Kiholanzi. Karibu kila nyumba ina berugak, yaani banda la wazi lenye nguzo nne au sita, sakafu ya mbao au mianzi iliyoinuliwa juu ya ardhi, na paa la nyasi au la vigae. Mgeni huvua viatu, hupanda, hukaa miguu ikiwa imekunjwa, na huletewa kahawa nyeusi yenye sukari nyingi, ambayo unga wake haukuchujwa, kwa hiyo huachwa kwanza utulie chini ya glasi. Hapo ndipo habari huulizwa, ndipo ndoa huzungumzwa, na ndipo ardhi hujadiliwa. Anayetaka kufanya jambo lolote kijijini ajifunze kukaa berugak bila haraka. Mwanamume mtu mzima mwite Pak, mwanamke Bu, na aliyehiji aitwe Pak Haji au Bu Haji. Wenyeji hulithamini jambo hilo.

Msimu wa kiangazi huanza karibu Mei na kuishia Oktoba, na mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Picha nyingi za Tetebatu unazoziona ni za wiki chache ambazo mpunga umekolea kijani. Baada ya mavuno ardhi hugeuka kahawia, na wakulima wengi wa Lombok Mashariki hupanda tumbaku au mboga katika miezi mikavu. Ndiyo maana utaona katika tarafa hizi vijumba virefu vya matofali vya kukaushia tumbaku, na wakati wake ukifika utanusa moshi wake asubuhi na jioni. Mimi napenda kipindi hicho kwa sababu kijiji chote kinakuwa kazini, lakini anayefikiria kuwauzia wageni mandhari ya kijani mwaka mzima inampasa akione kwa macho yake kabla hajapiga hesabu.

Kwa matembezi, chukua mwongozaji wa kijijini. Njia hupita juu ya kingo za majaruba, ambazo ni nyembamba na huteleza, na ukingo ukibomoka maji ya jirani huvuja. Mwongozaji anajua ni upi unaobeba mtu na ni upi umejengwa jana. Maporomoko ya Jeruk Manis yamo ndani ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Gunung Rinjani, hivyo kuna kiingilio, na njiani, ukikaa kimya, huenda ukaona lutung, kima weusi wenye mikia mirefu wanaoishi juu ya miti. Maporomoko ya Sarang Walet yamefichika ndani ya mfereji mwembamba wa miamba ambao hufikiwa kwa kukanyaga maji. Usiende mvua ikiwa imenyesha huko juu. Siku nyingine zitumie kwa mafundi: Loyok husuka mianzi, Pringgasela hufuma vitambaa, na Penakak, karibu na Masbagik, hufinyanga vyungu.

Tetebatu ni mojawapo ya milango sita ya kupandia Rinjani, mlima wenye urefu wa mita 3,726. Njia za mlima kwa kawaida hufungwa katika miezi ya mvua kubwa mwanzoni mwa mwaka, na kujiandikisha kwa mamlaka ya hifadhi ni lazima.

Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti. Ijumaa adhuhuri na mwezi wa Ramadhani usipange mikutano wala kazi nzito, na usitarajie pombe. Ukialikwa kwenye sherehe, kubali: utakula ares, mchuzi wa moyo wa shina la mgomba uliopikwa kwa nazi, ambao hupikwa hasa watu wanapokusanyika.

Ardhi: sheria inasema nini

Sheria ya msingi ya ardhi ya Indonesia ni Sheria Na. 5 ya mwaka 1960. Inatoa haki za aina kadhaa, na ile kamili, iitwayo Hak Milik, ni ya raia wa Indonesia peke yao. Kifungu cha 26 kinakwenda mbali zaidi: mpango wowote unaomhamishia mgeni haki hiyo, uwe wa wazi au wa kuzunguka, ni batili, ardhi huangukia dola, na fedha zilizolipwa hazidaiwi. Hata hivyo bado utakutana na mtu atakayekushauri uandikishe kiwanja kwa jina la rafiki Mwindonesia huku nyuma ya pazia mkiwa na mkataba kwamba mali ni yako. Usikubali. Mkataba huo hautakulinda mahakamani, na siku rafiki huyo akifariki, akitalikiana au akibadili nia, utakayebaki naye ni mjane, mtoto au mdai ambaye hajui lolote kuhusu ahadi yenu. Kwa ardhi ya kilimo kuna kikwazo kingine ambacho wengi hawakijui: kanuni ya mwaka 1961 inamtaka mwenye shamba aishi katika tarafa ilipo ardhi au tarafa jirani, hivyo hata rafiki raia anayeishi Jakarta hana nafasi safi.

Njia halali ziko tatu. Ya kwanza ni kukodi, na kwa mtu binafsi anayetaka nyumba moja au vyumba vichache ndiyo njia ninayoiona kuwa ya busara. Ya pili ni Hak Pakai, haki ya kutumia, ambayo mgeni mwenye hati halali za ukaazi anaweza kuipata kwa ajili ya nyumba ya kuishi. Kwa kanuni za mwaka 2021 hutolewa kwa miaka 30, huongezwa miaka 20, kisha huhuishwa kwa miaka 30, na kiwanja hakipaswi kuzidi mita za mraba 2,000. Hata hivyo serikali imeweka bei ya chini ya nyumba anayoruhusiwa mgeni kununua katika kila mkoa, na nyumba nyingi za kijijini hazifiki hapo. Ya tatu ni kuanzisha kampuni ya mtaji wa kigeni, iitwayo PT PMA, ambayo inaweza kumiliki Hak Guna Bangunan, yaani haki ya kujenga, kwa vipindi hivyohivyo vya miaka. Kampuni ya namna hiyo hutakiwa kuwa na mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10, na hutoa taarifa kwa serikali mara kwa mara. Kwa Tetebatu, ambako vyumba ni vya bei nafuu na wageni huja kwa msimu, sioni jinsi mradi mdogo utakavyoubeba mzigo huo.

Shamba la mpunga si kiwanja

Hapa ndipo penye uzito kuliko pote. Sheria Na. 41 ya mwaka 2009 inalinda ardhi ya kudumu ya kilimo cha chakula, na Nusa Tenggara Barat ni mojawapo ya mikoa 8 ya kwanza ambayo serikali kuu iliichorea ramani ya mashamba ya mpunga yasiyoruhusiwa kubadilishwa matumizi bila idhini yake. Muuzaji anaweza kuwa na hati halali kabisa na bado kiwanja kikawa hakijengeki. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata arubuni, chukua namba ya hati na alama za mipaka, nenda Selong, makao makuu ya wilaya, uulize ofisi ya ardhi na ofisi ya mipango kama eneo hilo limo kwenye ramani ya mashamba yaliyolindwa na kama mpango wa matumizi unaruhusu makazi au utalii. Jibu liwe la maandishi. Neno la dalali kwamba jirani amejenga na hakuguswa si kibali.

Tafuta ardhi kavu: bustani ya kahawa, nazi au mianzi, au uwanja wa nyumba iliyopo kando ya barabara. Utayaona majaruba kutoka hapo vilevile, na mkulima ataendelea kuyalima. Ninalisema hili nikijali kijiji hicho, kwa kuwa kila jaruba linalojazwa kifusi humwondolea mtu chakula na huharibu kitu kilekile ambacho mgeni alikuja kukitazama.

Maji nayo yana mwenyewe. Mifereji inayoshuka kutoka Rinjani hugawiwa kwa zamu na msimamizi anayeitwa pekasih, anayechaguliwa na wakulima wanaotumia mfereji huo. Kabla hujasaini, mtafute na umuulize maji hupita wapi, kwa zamu gani, na hupungua kiasi gani mwezi wa Septemba. Anayetaka kuchimba bwawa la kuogelea au kugeuza mkondo bila kuzungumza naye atakuwa amegombana na mtaa mzima kabla ukuta wa kwanza haujasimama.

Kukagua hati na kuandika mkataba

Bei hutajwa kwa kipimo cha are, ambacho ni mita za mraba 100. Sikiliza vizuri ikiwa unatajiwa bei ya kununua are moja au pango la are moja kwa mwaka, kwa sababu maneno hayo husemwa haraka na hesabu zake hutofautiana mno.

Omba kuona hati yenyewe, kisha mtumie PPAT, ofisa aliyeidhinishwa kuandika hati za ardhi, aihakiki kwenye daftari la ofisi ya ardhi: jina la mwenye mali, ukubwa, rehani, na kama kuna shauri mahakamani. Programu ya simu ya Sentuh Tanahku, ya wizara ya ardhi, inasaidia kuona kiwanja kwenye ramani, ila haichukui nafasi ya uhakiki huo. Karatasi za zamani za kodi na za kimila, ambazo familia nyingi bado zinazo, zilipewa muda wa miaka mitano na kanuni ya Februari 2021; baada ya Februari 2026 hazihesabiwi tena kuwa uthibitisho wa haki, bali ni kiashiria tu cha kuombea hati. Ikiwa mwenyeji hana hati, aisajili kwanza kwa jina lake, nawe subiri.

Jina moja kwenye hati halimaanishi mwenye haki mmoja. Baba akifariki, watoto wote na mjane huwa warithi, na mmoja anaweza kuwa Malaysia kwa kazi ya shambani, kama walivyo watu wengi wa Lombok Mashariki. Wote wasaini, pamoja na mwenzi wa ndoa wa mwenye mali, na majirani wa pande nne washuhudie mipaka ikipimwa na mpima ardhi. Angalia pia njia: viwanja vingi vizuri hufikiwa kwa kupita kwenye ukingo wa shamba la mtu, na ruhusa ya mdomo hukoma shamba linapouzwa. Njia iandikwe, na upana wake utajwe.

Mkataba wa kukodi andika mbele ya mthibitishaji wa mikataba (notaris), kwa Kiindonesia, kama Sheria Na. 24 ya mwaka 2009 inavyotaka, huku tafsiri ya lugha yako ikiwa pembeni. Mahakama za Indonesia zimewahi kubatilisha mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza peke yake. Taja miaka, namna pango la nyongeza litakavyokadiriwa, haki ya kumhamishia mwingine, wajibu wa warithi wa pande zote mbili, na nani atamiliki jengo muda ukiisha. Kodi ya mapato ya pango la ardhi na majengo ni asilimia 10, na mkataba useme wazi ni nani anayeibeba. Katika mauziano ya raia au ya kampuni, muuzaji hulipa asilimia 2.5 na mnunuzi hadi asilimia 5.

Kujenga

Julai na Agosti 2018 Lombok ilipigwa na mfululizo wa matetemeko, kubwa zaidi likiwa na ukubwa wa 6.9, na watu zaidi ya 500 walikufa. Kaskazini ndiko kulikoumia zaidi, lakini kisiwa chote kiko katika eneo la hatari, na nyumba zilizoanguka nyingi zilikuwa za matofali yasiyofungwa kwa nondo. Usijenge bila mhandisi anayefuata kiwango cha taifa cha matetemeko, SNI 1726 cha mwaka 2019. Nguzo za zege kwenye kila pembe, mkanda wa zege juu ya msingi na juu ya kuta, na nondo zilizofungamana kwenye viungo vyote si anasa. Paa liwe jepesi. Simama mwenyewe siku nondo zinapofungwa, kabla zege halijamwagwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna awezaye kuona kilichoachwa.

Kibali cha ujenzi kinaitwa PBG, nacho kilichukua nafasi ya kile cha zamani cha IMB mwaka 2021. Jengo likikamilika hutakiwa cheti cha kufaa kutumika, na kupokea wageni wanaolipa kunahitaji leseni ya biashara inayoombwa kupitia OSS, mfumo wa serikali wa leseni mtandaoni. Ukikodi nyumba iliyojengwa tayari, dai karatasi zote tatu.

Malipo yafuate kazi. Arubuni ndogo itolewe baada ya jibu la maandishi kutoka Selong, sehemu kubwa wakati wa kusaini mbele ya mthibitishaji, na kilichobaki mipaka na njia zikishawekewa alama. Kabla ya hapo mwone mkuu wa kijiji, umwone na pekasih, kisha kaa berugak kwa majirani watakaopakana nawe uwaeleze unachokusudia kujenga, kimo chake na maji yake machafu yatakapokwenda. Wakinyamaza badala ya kujibu, usilipe bado. Rudi siku nyingine na uulize tena.